Wagika, Wagalu na Kizimba: Historia ya Kushindanisha Mbinu katika Nchi ya Ntuzu

Swali la mbinu ipi hushinda pale wapiganaji wa shule mbalimbali wanapokutanishwa katika uwanja mmoja limezoeleka kuhusishwa na MMA, yaani mchezo wa mapigano mchanganyiko, ambamo bondia, mwanamieleka, mchezaji wa judo na wa karate huingia kizimba kimoja chini ya kanuni zilezile, na wengi huanza kuhesabu historia yake tangu tarehe 12 Novemba 1993, siku ya shindano la kwanza la UFC, kampuni ya Marekani ya mchezo huo, katika jiji la Denver, Marekani. Katika nchi ya Ntuzu, ambayo leo ni kiini cha Wilaya ya Bariadi katika Mkoa wa Simiyu, swali la aina hiyohiyo lilikwisha kuulizwa tangu karne ya 19, ila halikuulizwa kwa ngumi wala kwa mateke. Liliulizwa kwa ngoma, katika mashindano ya Wagika na Wagalu, pande mbili hasimu za ngoma za Wasukuma, ambamo watu wenye ujuzi usiofanana hata kidogo, wengine wa nyoka, wengine wa nungunungu, wengine wa jembe, walisimama mbele ya umati mmoja ili ijulikane nani zaidi. Historia hizo mbili zikisomwa kwa pamoja zinaonyesha kwamba ushindi wa mbinu hutokana na uwanja na kanuni zake kuliko ubora wa mbinu yenyewe, na kwamba mbinu inayotamba hutamba hadi wapinzani watakapojifunza kuizuia. Historia ya Simiyu inaongeza jambo jingine ambalo wachambuzi wa kizimba hulisahau, nalo ni kwamba jamii inaweza kuwa na watu hodari wa vita kwa vizazi kadhaa na bado isiwe na mbinu hata moja ya kupeleka kizimbani.

Mkoa wa Simiyu wenyewe ni mchanga. Uliundwa mwaka 2012 kwa kumega maeneo yaliyokuwa ya Mkoa wa Shinyanga na, kwa upande wa Busega, ya Mkoa wa Mwanza, makao yake makuu yakawekwa Bariadi, na sensa ya mwaka 2022 iliukuta na wakazi zaidi ya milioni 2 katika wilaya za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu, wengi wao wakiwa Wasukuma. Kabla ya ukoloni eneo hilo halikuwa na serikali moja, bali lilikuwa limegawanyika katika tawala ndogondogo kama vile Ntuzu, Kanadi, Itilima na Dutwa, kila moja ikiwa chini ya ntemi wake, yaani mtawala aliyeshika pamoja mamlaka ya kisiasa na ya ibada za mvua na mazao. Tawala hizo zilikuwa pembezoni mwa Usukuma, na upande wao wa mashariki ulifungukia nyika ya Serengeti, ambako Wamasai waliingia mara kwa mara kutwaa ng'ombe, huku kusini mashariki, kuelekea Meatu, wakiwapo Wataturu, ambao nao walikuwa wafugaji na mahasimu wa zamu kwa zamu.

Ujirani wa namna hiyo ndio uliounda ujuzi wa vita wa Wanyantuzu, yaani watu wa Ntuzu, na jirani zao. Silaha kuu zilikuwa upinde na mshale wenye sumu, zikifuatwa na mkuki na rungu, na nguzo ya ulinzi wote ilikuwa ng'wano, yaani yowe la hatari lililopokezanwa kutoka mji hadi mji, ambalo kila mwanaume mwenye nguvu alilazimika kuliitikia akiwa na silaha mkononi na kukimbilia lilikotoka. Vijana waliongozwa na nsumba ntale, kiongozi wa rika aliyewakusanya kwa kilimo cha pamoja wakati wa amani, na ambaye kwa sababu hiyohiyo alikuwa na watu tayari ilipohitajika kufuatilia nyayo za mifugo iliyoibwa. Ujuzi huo ulikuwa wa mbali na wa wengi: thamani ya mtu ilipimwa kwa shabaha yake, kwa pumzi ya kukimbia nusu siku bila kuanguka, na kwa kutowaacha wenzake. Kumkaba mtu shingo akiwa chini hakukuwa na faida kubwa katika vita hivyo, kwa kuwa mporaji aliyeangushwa hakuwa peke yake, na aliyemlalia angechomwa mkuki mgongoni na wa pili. Hoja hii, ambayo ilikuwa dhahiri kwa mfugaji yeyote wa Meatu, ndiyo ileile ambayo wapinzani wa mapigano ya chini huitoa hadi leo dhidi ya mbinu za kizimbani, na inakosea kizimbani kwa sababu moja tu, kwamba kanuni za kizimba zimemwondoa mtu wa pili mwenye mkuki.

Mieleka na michezo ya fimbo, ambayo wavulana wachungaji huicheza karibu kila palipo na mifugo katika Afrika Mashariki, haikupata katika nchi ya Ntuzu chama chake, waganga wake wala msimu wake, kama ilivyotokea kwingine. Buganda ilikuwa na mieleka yake iitwayo ekigwo, iliyojulikana hadi katika baraza la kabaka; Wamundari na Wadinka wa Sudan Kusini waliifanya mieleka kuwa shindano la heshima kati ya kambi na kambi za ng'ombe, na leo huishindania katika viwanja vya Juba mbele ya watazamaji wanaolipa kiingilio; pwani ya Waswahili nayo, kuanzia Lamu hadi Zanzibar, ilikuwa na kirumbizi, mchezo wa wawili kupigana fimbo kwa kufuata mdundo wa ngoma na zumari. Usukuma ulipeleka nguvu zake za ushindani mahali pengine, na hapo ndipo historia yake inapokuwa ya pekee.

Mahali hapo ni vyama vya ustadi. Katika karne ya 19 Usukuma ulikuwa na vyama vya wawindaji ambavyo mtu hakuzaliwa navyo bali aliingizwa kwa mafunzo, dawa na viapo, na kila chama kilikuwa na ujuzi uliofichwa kwa wasio wanachama. Bayege walikuwa wawindaji wa tembo, kazi iliyohitaji subira, mishale yenye sumu na baadaye magobori, nayo ilikuwa na faida kubwa katika miaka ambayo pembe za ndovu zilibebwa na misafara kwenda pwani, misafara ambayo Wasukuma na Wanyamwezi wenyewe walikuwa wapagazi wake. Bayeye walikuwa wataalamu wa nyoka: walijifunza majina na tabia za nyoka wa kila aina, dawa za kuzuia sumu na za kutibu aliyeumwa, na namna ya kumshika chatu au swila bila kumuua. Banunguli waliwinda nungunungu, na kazi yao huenda ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote kwa mwili, kwa sababu mnyama huyo huharibu mashamba usiku na kujificha mchana katika mashimo marefu, hivyo mwindaji alilazimika kuingia shimoni kwa kutambaa, gizani, asipoweza kugeuka wala kusimama, na kukabiliana na mnyama mwenye miiba katika nafasi isiyozidi upana wa mabega yake. Kama kulikuwa na watu katika Usukuma waliozoea kupambana wakiwa wamelala chini, basi walikuwa hao, ingawa adui yao hakuwa mtu.

Juu ya vyama hivyo, na wakati mwingine ndani yake, ulienea mgawanyiko wa Wagika na Wagalu, au Bagika na Bagalu kwa Kisukuma chenyewe. Simulizi za Wasukuma zinautaja mwanzo wake kuwa ni upinzani wa wacheza ngoma wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, ambao wote walikuwa pia mabingwa wa dawa, na ambao wafuasi wao waliendeleza ubishi baada yao hadi ukawa taasisi iliyovuka mipaka ya tawala za watemi. Mtu wa Ntuzu na mtu wa pande za ziwani wangeweza kuwa raia wa watemi tofauti na bado wakawa ndugu wa chama kimoja cha ngoma, na kinyume chake, watu wa mji mmoja wangeweza kugawanyika pande mbili na kutaniana mwaka mzima. Mashindano yalifanyika baada ya mavuno, kuanzia mwezi Juni hivi, ghala zikiwa zimejaa na kazi za shamba zikiwa zimepungua, na kanuni yake ilikuwa rahisi kiasi cha kushangaza: pande mbili zilicheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na upande uliovuta watazamaji wengi zaidi ndio uliohesabiwa kuwa umeshinda. Hapakuwa na jaji, hapakuwa na pointi, na hapakuwa na orodha ya yaliyoruhusiwa. Umati ulipiga kura kwa miguu, ukihama kutoka upande huu kwenda ule, na mchezo ungeweza kuendelea kwa siku kadhaa kabla ya upande mmoja kukubali kwamba umebaki na jamaa zake tu.

Kanuni hiyo moja ilizaa matokeo yasiyotazamiwa. Kwa kuwa aliyeshinda ni aliyevuta macho, kila ujuzi uliokuwa ukifichwa maporini uligeuka kuwa mtaji wa uwanjani, na swali likawa ni ustadi upi unaovuta zaidi. Wenye nyoka walitoka na chatu mabegani. Wengine walileta fisi aliyefungwa kamba. Wengine walichonga sanamu za mbao za watu zilizochezeshwa mbele ya hadhira. Wengine walitegemea uimbaji, kwa maana kila kundi liliongozwa na ningi, yaani mtunzi na mwimbaji kiongozi, ambaye kazi yake ilikuwa kuwakebehi wapinzani kwa mafumbo makali kiasi kwamba hata wafuasi wao wasogee kusikiliza. Nyuma ya yote kulikuwa na samba, dawa ya ngoma iliyoandaliwa na mganga ili kuwavuta watu na kuwapofusha wapinzani, na wazee wengi wangesema kwamba mashindano halisi yalikuwa ya waganga, wachezaji wakiwa silaha zao tu. Mwanahistoria hana haja ya kuamua juu ya nguvu ya dawa hiyo ili kuona athari yake, kwa sababu imani kwamba upande wa pili una samba kali zaidi iliwalazimisha Wagika na Wagalu kutafuta jipya kila msimu, na hofu ya kushindwa ikafanya kazi ambayo mahali pengine hufanywa na makocha.

Mfumo wa namna hiyo humnufaisha sana anayekuja na jambo ambalo halijawahi kuonekana, lakini humnufaisha mara chache. Chatu wa kwanza kuletwa uwanjani angeweza kuhamisha umati wote; baada ya misimu michache, kila upande ulikuwa na chatu wake, na mshindi alirudi kuwa yule anayejua kuunganisha nyoka, wimbo, mavazi na mpangilio wa hatua katika onyesho moja. Wataalamu wa jambo moja walianza wakitawala, kisha wakawa idara tu ndani ya kundi linalojua mengi.

Mabadiliko ya uchumi yaliharakisha mchanganyiko huo. Serikali ya Kijerumani ilianza kuweka masharti ya uwindaji tangu miaka ya 1890, Waingereza wakayaendeleza, na sehemu kubwa ya nyika iliyokuwa mawindo ya watu wa mashariki ya Usukuma ikaingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliyotangazwa mwaka 1951, na katika Pori la Akiba la Maswa. Bayege walibaki na nyimbo za tembo bila tembo. Wakati huohuo pamba ilienea, na kilimo chake kikahitaji vikundi vya vijana vya kulima kwa zamu, hivyo nyimbo, madaraja na nidhamu ya vyama vya wawindaji vikahamia shambani, na kutokana na kilimo hicho cha pamoja ikakua bugobogobo, ngoma ya majembe ambamo wachezaji huyarusha na kuyazungusha majembe kwa mdundo wa ngoma kubwa. Ikumbukwe kwamba pamba ilileta pia fedha taslimu, na kwamba fedha hizo ziliingia mikononi mwa vijana katika miezi ileile ya mashindano, jambo ambalo liliwakera baadhi ya maofisa wa kikoloni na wamisionari, walioona ndani ya ngoma uvivu na upagani. Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada wa shirika la White Fathers, alikwenda njia nyingine: katika miaka ya 1950, huko Bujora karibu na Mwanza, aliyaingiza mashindano ya Wagika na Wagalu katika sherehe za sikukuu ya Ekaristi, na tamasha la Bulabo lililotokana na uamuzi huo linaendelea kufanyika Bujora, ambako pia kuna Makumbusho ya Wasukuma.

Yaliyotokea Denver mwaka 1993 yanaeleweka kwa urahisi kwa mtu anayejua historia hiyo. Shindano la kwanza la UFC liliwakutanisha wapiganaji 8 wa asili tofauti bila makundi ya uzito wala majaji wa kutoa pointi, miongoni mwao bondia Art Jimmerson, aliyeingia akiwa amevaa glovu moja tu, mwanasumo Teila Tuli, na Gerard Gordeau wa Uholanzi, bingwa wa savate, ambayo ni ngumi na mateke ya Kifaransa. Mshindi alikuwa Royce Gracie wa Brazili, mwenye uzito wa takriban kilo 80, aliyewashinda watu 3 usiku mmoja kwa kuwaangusha na kuwakaba, akitumia jiujitsu ya Brazili, sanaa ya mapigano ya chini iliyotokana na judo aliyoipeleka huko Mitsuyo Maeda wa Japani mwanzoni mwa karne ya 20. Gracie alishinda tena shindano la pili na la nne, na kwa muda ulimwengu wa michezo ya mapigano uliamini kwamba jawabu limepatikana.

Jawabu hilo halikudumu. Wanamieleka wa vyuo vya Marekani, waliokuwa na uzito zaidi na waliojua kumwangusha mtu wapendavyo, walijifunza kiasi cha jiujitsu cha kuwatosha wasikabwe, na mmoja wao, Mark Coleman, akashinda mashindano mawili ya mwaka 1996 na kuwa bingwa wa kwanza wa uzito wa juu wa UFC mwezi Februari 1997. Miezi michache baadaye, Julai 1997, alishindwa na Maurice Smith, mtaalamu wa ngumi na mateke ambaye alikuwa amejifunza kukaa chini bila kuumia na kuinuka mwenzake akichoka. Kanuni nazo zilibadilika: kikomo cha muda kiliwekwa, glovu zikawa za lazima, kupiga kichwa kwa kichwa, ambako kulikuwa silaha kuu ya wanamieleka walipokuwa juu, kukapigwa marufuku mwaka huohuo wa 1997, na ilipofika mwaka 2001 jimbo la New Jersey lilikuwa limekamilisha kanuni za pamoja zenye raundi za dakika 5, makundi ya uzito na majaji. Kila kanuni iliyoongezwa iliwapunguzia baadhi na kuwaongezea wengine. Mwamuzi anayewasimamisha wapiganaji waliotulia chini humsaidia bondia; ukuta wa wavu humsaidia mwanamieleka, anayeutumia kumbana mtu asiyekuwa na pa kukimbilia; raundi fupi humnyima mkabaji wa subira muda aliokuwa akiutegemea. Mfano ulio wazi kuliko wote ni wa zamani zaidi, wa tarehe 26 Juni 1976 huko Tokyo, ambako Muhammad Ali na mwanamieleka Antonio Inoki walipambana raundi 15 chini ya kanuni zilizobanwa mno, Inoki akatumia muda mwingi akiwa amelala chali na kuipiga mateke miguu ya Ali, na pambano likaisha sare huku watazamaji wakizomea. Uwanja wa Ntuzu ungelimaliza pambano hilo mapema, kwa sababu umati ungekuwa umekwisha kuhamia kwa jirani.

Tangu miaka ya 2000 hakuna asili moja inayotawala, ingawa hazilingani. Mieleka imebaki kuwa msingi wenye faida kubwa kuliko mwingine wowote, kwa sababu mwenye kuimiliki ndiye huamua kama pambano litakuwa la kusimama au la chini, na hivyo hutumia mbinu zake nyingine pale anapopenda yeye. Judo ilimfikisha Ronda Rousey, mshindi wa medali ya shaba ya Olimpiki ya Beijing 2008, kuwa bingwa wa kwanza wa kike wa UFC. Karate, iliyokuwa imedharauliwa kwa muda mrefu, ilipata heshima yake mwaka 2009 pale Lyoto Machida alipotwaa ubingwa wa UFC kwa umbali na wepesi wa kuingia na kutoka, lakini Machida alikuwa pia amejifunza sumo na jiujitsu, na hilo ndilo linalosahaulika na wanaomtaja kama ushahidi wa ubora wa karate peke yake.

Sanaa za mapigano za kisasa ziliingia Tanzania bila kupita Simiyu. Ngumi zilikuja na bandari, shule na jeshi, na baada ya uhuru majeshi na klabu za mijini ndizo zilizozilea: Titus Simba alileta medali ya fedha kutoka Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh mwaka 1970, Michael Yombayomba akaleta ya dhahabu kutoka Kuala Lumpur mwaka 1998, na katika ngumi za kulipwa walifuata Rashid Matumla wa Dar es Salaam, Francis Cheka wa Morogoro, na Hassan Mwakinyo wa Tanga, aliyemshinda Sam Eggington huko Birmingham mwaka 2018. Karate ya mtindo wa Goju-ryu ilianzishwa Dar es Salaam katika miaka ya 1970 na Mmarekani mweusi Nantambu Camara Bomani, na judo ikapata makao Zanzibar katika miaka ya 1990 kwa juhudi za Mjapani Tsuyoshi Shimaoka. Ramani ya michezo hiyo ni ramani ya bandari, kambi na reli. Mji wa Bariadi, uliokua kwa pamba na mnada wa ng'ombe, ulikuwa nje yake, na vijana wake waliokuwa na nguvu za kushindana walikwisha kuwa na pa kushindania, yaani katika ngoma na, baadaye, katika mbio za baiskeli, ambazo leo zina mashabiki wengi katika mikoa ya Kanda ya Ziwa.

Ujuzi wa zamani wa vita ulirudi kazini mara moja tu, na haukurudi kwa mchezo. Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 silaha za moto zilizagaa, wizi wa ng'ombe ukaongezeka, na mapema katika miaka ya 1980 wanakijiji wa Unyamwezi na Usukuma walianzisha sungusungu, yaani jeshi la jadi la ulinzi wa vijiji, ambalo lilienea haraka hadi katika wilaya ambazo sasa ni za Simiyu. Viongozi wake walipewa vyeo vya ntemi na katikiro, silaha yake ilikuwa upinde na mshale, na mfumo wake ulikuwa ni ng'wano ileile iliyowakabili Wamasai karne iliyotangulia. Kundi hilo lilifanikiwa kupunguza wizi, lilishutumiwa kwa kuua na kutesa, lilitetewa na viongozi wa juu wa chama na serikali, na mwaka 1989 likapewa nafasi katika sheria kwa marekebisho ya sheria ya mgambo. Linalohusu mada hii ni kwamba wanaume wa Bariadi na Meatu walipolazimika kweli kumkabili adui mwenye silaha, hawakutafuta ngumi, judo wala mieleka. Walirudia mbinu ya mbali na ya wengi, ambayo kwa mazingira yao ilikuwa sahihi, na ambayo hakuna kizimba duniani kingeiruhusu.

Mafanikio ya Waafrika katika mapigano mchanganyiko yanaweza kupotosha mtu anayetafuta asili zao katika mila za nyumbani. Mwaka 2021 mabingwa 3 wa UFC kwa wakati mmoja walikuwa wazaliwa wa Afrika: Kamaru Usman na Israel Adesanya, waliozaliwa Nigeria, na Francis Ngannou wa Kameruni. Usman alipata mieleka yake katika shule na vyuo vya Marekani, Adesanya alijifunza ngumi na mateke New Zealand, na Ngannou, aliyechimba mchanga utotoni, alifika Paris mwaka 2013 akitaka kuwa bondia. Hakuna aliyeingia kizimbani kwa dambe, ngumi za jadi za Wahausa, wala kwa sanaa nyingine ya mababu. David Onama wa Uganda, mmoja wa Waafrika Mashariki wachache waliofika UFC, aliyeanza kupigana humo mwaka 2021, naye amejengwa na mazoezi ya Marekani.

Kinyume cha hao ni Oumar Kane wa Senegali, anayejulikana kama Reug Reug, ambaye mwezi Novemba 2024 huko Bangkok alimshinda Anatoly Malykhin na kutwaa ubingwa wa uzito wa juu wa ONE, kampuni nyingine ya MMA, na ambaye msingi wake ni laamb, mieleka ya Senegali inayoruhusu ngumi. Laamb ilimfaa kwa sababu kwa miongo mingi imekuwa mchezo wenye mapromota, mapambano ya fedha nyingi, shule za mazoezi na, tangu mwaka 2018, uwanja wake wa taifa huko Pikine, na kwa sababu kazi yake ya msingi, ambayo ni kumwangusha mtu asiyetaka kuanguka huku ngumi zikiruka, ndiyo kazi ya msingi ya kizimba. Laamb nayo haina mapigano ya chini, kwa maana anayeangushwa amekwisha kushindwa, na Reug Reug alilazimika kujifunza yaliyobaki kama walivyolazimika mabondia na wanakarate kabla yake. Ikilinganishwa na hali hiyo, Simiyu haikukosa ujasiri wala misuli. Ilikosa kanuni zilizoandikwa, walimu na hadhira kwa ajili ya mieleka, kwa sababu hadhira yake yote ilikuwa imechukuliwa na Wagika na Wagalu.

Hukumu inayofaa, basi, ni kwamba hakuna asili ya mapigano ya Kinyantuzu inayongoja kugunduliwa na kizimba, na wanaotaja upinde au nyoka wa Bayeye kama hazina ya aina hiyo wanachanganya ujasiri na mbinu. Kilichopo ni jambo ambalo michezo mingi ya mapigano nchini imelikosa, nalo ni utamaduni wa kushindana kila mwaka, wenye pande mbili zinazotambulika, nyimbo za kuchokozana, na umati unaojua kutofautisha kizuri na kibaya bila kuambiwa. Tamasha la Simiyu Jambo, lililoandaliwa Bariadi mwishoni mwa miaka ya 2010 na kuweka pamoja mbio za baiskeli na ngoma za Wagika na Wagalu, lilionyesha kwamba umati huo unakubali mchezo mgeni ukiletwa katika msimu wake. Maofisa michezo wa mkoa na wa halmashauri zake wakitaka vijana wao wafike ulingoni au kizimbani, waanze na mikeka, mwalimu wa judo au wa mieleka, na mashindano ya wilaya kwa wilaya yatakayopangwa kati ya Juni na Agosti, baada ya mavuno, wakati pamba inauzwa na watu wana nafasi ya kutazama.